Ngemo ya Zebedayo

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Zebedayo ulianguka Jumapili asubuhi, baada ya mvua ya vuli kunyesha usiku kucha, na tumshukuru Mungu uliangukia nje. Ungeangukia ndani ungemfunika mtoto Noa, aliyekuwa bado amelala kwenye mkeka wake huku kifua kikikoroma. Vumbi halikutimka, maana udongo ulikuwa umelowa chepechepe. Ulishuka tu taratibu, kama mtu mnene anayekaa chini, ukaacha fito zimesimama wazi. Jirani yao, Bi Mwatum, alikuwa uani kwake akisugua sufuria. Alipoinua uso alijikuta anatazamana na kitanda cha watu. Kwa heshima akageukia upande wa pili, kisha akauliza kama wameamka salama.

"Tumeamka," alijibu Zebedayo kutoka kitandani. Angesema nini?

Mwanamume mwenye miguu yake miwili angeiona ile kazi ya kawaida. Makorora, mtaa wa Tanga, miaka ile ya hamsini ilikuwa nyumba za udongo kila upande, na kila mvua ikipita mtu fulani alikuwa anakandika. Lakini Zebedayo mguu mmoja tu ndio uliomtii. Wa kulia ulipondwa na troli la mkonge kwenye shamba moja njia ya Muheza, ukaungwa vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa nyumbani. Mkewe, Elizabeti, alikuwa yaya kwa Wazungu Raskazone. Aliondoka kabla jua halijatoka, akarudi jioni akinukia sabuni ya watoto wa watu. Zebedayo ndiye aliyepika, akafua, akamwogesha Noa, akamsuka binti yao Lea nywele za kwenda shule. Wanaume wa kwenye bomba la maji walimwita Mama Lea Mdogo. Walimwita hivyo mbele yake, tena wakicheka kwa upendo, na kicheko cha upendo hakina dawa, kwa sababu ukikasirika unaonekana mbaya wewe.

Sasa Jumapili ile jambo halikuwa ukuta peke yake. Kaka yake Elizabeti, Eliudi, alikwisha tuma salamu kutoka Mlalo, milimani Usambara, kwamba Jumamosi angeshuka Tanga. Huyu alikuwa mkulima wa kahawa na mboga, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Alipokuja mara ya mwisho alikuta paa linavuja juu ya kichwa cha Noa. Akakinga kidole chini ya tone, akalitazama, akasema kwamba akirudi na kumkuta mtoto huyu bado analala kwenye unyevu atampandisha mlimani, yeye na mama yake na dada yake. Hakusema kwa hasira, na ndiyo sababu wote walimwamini. Paa waliliziba. Nani alifikiria kuta?

"Jumamosi nitamwambia nini kaka?" Elizabeti aliuliza jioni, baada ya kutundika magunia kuziba lile pengo. Noa alishikwa na kikohozi, na wote wawili wakakisikiliza mpaka kikaisha.

"Hutamwambia kitu. Ataukuta ukuta umesimama."

"Umesimamishwa na nani, baba Lea?"

"Na watu wa shule. Nitaita ngemo."

Elizabeti alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na mkewe akaona si vizuri kumharibia utulivu huo kabla hajala.

Kwa asiyetoka Usambara, ngemo ni hivi. Mtu mwenye shamba la kulima au nyumba ya kukandika hupika chakula, akaita watu. Watu huja na majembe na ndoo, hufanya kazi mpaka mchana, hula, huenda zao. Malipo hakuna. Malipo ni kwamba wewe nawe ulikwenda kwao walipokuita. Mtu aliyekwenda kazi za wenzake, halafu akaita yake wasije, hilo huko milimani halisikiki, labda awe mchawi. Zebedayo alikulia ndani ya sheria hii kama alivyokulia ndani ya lugha yake, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali inakomea.

Na kwenye ile shule ya misheni aliyosoma Lea, Zebedayo alikuwa amefanya kazi kuliko mzazi yeyote. Zamani, kabla ya troli, alikuwa fundi rangi wa shamba, akiandika namba za nyumba za vibarua na vibao vya njia, na mkono wake ulizijua herufi na maua. Walimu walipogundua, maombi yakaanza kurudi nyumbani pamoja na Lea. Alichora ramani ya Tanganyika inayotosha ukuta wa darasa. Alichora meno ya binadamu, jembe na sehemu zake, mbu na mabuu yake. Alibuni beji ya shule, yenye taa na jani la mkonge. Alikata na kupaka nguo za Mamajusi. Alichora pazia la Bethlehemu kwa ajili ya Krismasi, akalitia minazi, maana Bethlehemu nyingine hajaiona, na Mzungu wa misheni aliipenda minazi ile akaipiga picha. Yote hayo aliyafanya sakafuni, mguu ameunyoosha, mkaa mkononi, maharage yakiungulia jikoni. Na kila mara hedimasta alimwambia, "Shule haitakusahau, baba Lea."

Wewe na mimi tungesikia pale asante, nayo ikapita. Zebedayo alisikia ahadi, akaiweka.

Jumatatu alijikongoja na fimbo yake mpaka shuleni. Hedimasta, Mwalimu Fanueli, alikuwa Mbondei mwenye kaptula nyeupe na soksi zilizopigwa pasi, mtu mwema kwa kila hali, mwenye mambo mengi. Alimwacha kwenye baraza mpaka kipindi kikaisha, akatoka akitabasamu.

"Aa, fundi. Rangi zimekwisha?"

"Hapana, Mwalimu. Leo nimekuja kuwaita. Jumamosi nina ngemo. Ukuta wangu wa nyuma umeanguka."

Mwalimu Fanueli alisema pole, tena alisema kwa moyo. Zebedayo akamweleza kwamba fito ni nzima, udongo upo palepale ulipoanguka, chakula kitakuwepo. Wakija watu ishirini asubuhi, mchana watakuwa wananawa mikono. Aliongea kama mtu anayedai kilicho chake, bila kuomba, na labda ndiyo maana hedimasta hakuelewa kwamba mtu huyu ana hofu. Kwao Bonde alikuwa ameziona kazi za namna hiyo akiwa mtoto, kwa bibi yake, lakini aliziacha huko pamoja na kutembea pekupeku.

"Nitawatangazia," alisema. "Usiwe na wasiwasi kabisa."

Halafu, kwa kuwa fundi yupo na rangi ipo, akamwonyesha kibao cha langoni ambacho taa ya beji ilianza kubabuka. Zebedayo akaegemea fimbo, akairudishia taa moto wake, jua likimchoma kisogo.

Tangazo lilitolewa kweli, Jumatano, kwenye mstari wa asubuhi, baada ya habari za kufyeka majani na kabla ya habari za kalamu iliyopotea. Hedimasta aliwaambia wanafunzi kwamba baba yake Lea amepatwa na shida, nyumba imeanguka, kwa hiyo wazazi wamkumbuke. Neno ngemo hakulitaja, kwa kuwa shuleni waliogopa kuonekana washamba, na mahali wala saa hakuvitaja, kwa kuwa alisahau. Watoto waligeuka wakamtazama Lea. Mmoja akamwuliza kama sasa wanalala nje. Lea alirudi nyumbani na maneno yale kooni, akamkuta baba yake anapanga ndoo alizoazima, ndogo kwa watoto, kubwa kwa wanaume.

"Ametangaza?" Zebedayo aliuliza.

"Ametangaza, baba," Lea alisema, akaenda kumbeba Noa.

Alhamisi Bi Mwatum alipita kwenye lile pengo badala ya mlangoni, kwa kuwa pengo lilikuwa karibu zaidi. Yeye na mumewe, Massoud, walikuwa watu wa Pemba. Massoud aliuza mchele sokoni na alikuwa na wapagazi wake wawili, vijana wenye mabega.

"Mwenyewe Massoud alikuwa aende Pangani," alisema, "lakini kasema kama wamtaka Jumamosi, hendi. Aje na wale vijana wake?"

Zebedayo aliona haya. Kwa Massoud hakuwahi kufanya hata kazi ya siku moja. Paa la jirani huyu lilipoezekwa mwaka jana, yeye alikuwa sakafuni anachora meno ya binadamu. Utamwitaje mtu usiyemfanyia kitu? Huko kwao kufanya hivyo ni kuombaomba.

"Ahsante, Bi Mwatum. Lakini mimi sijawahi kuwasaidia nyinyi kitu."

"Kwani nimekuuliza hilo?"

"Tena watu wa shule watakuwa wengi. Pale nyuma hapatatosha."

Bi Mwatum alimtazama yeye, akazitazama ndoo, akamtazama Noa aliyekuwa anahema kwa mdomo. "Haya, jirani," alisema. "Mlango wa kubisha huna, kwa hiyo ukinitaka niite tu." Ijumaa Massoud akaenda Pangani na vijana wake.

Hapo ndipo roho inaponiuma mimi ninayesimulia. Msaada ulisimama mbele yake umevaa kanga, unaongea, na yeye akaurudisha kwa adabu. Wala si kiburi. Alikuwa mwaminifu kwa watu ambao hawakujua kwamba wamewekeana naye agano.

Jumamosi Elizabeti aliomba ruhusa Raskazone, na memsahibu akampa kwa kununa, siku hiyo ikakatwa kwenye mshahara. Walipika wali wa nazi kwenye sufuria kubwa ya kuazima, na maharage, na togwa debe zima, kwa kuwa walikuwa Walutheri na pombe ya miwa isingepita mbele ya mzee wa kanisa. Jioni ya jana yake walikuwa wameumwagia udongo maji ili uamke laini. Zebedayo alivaa shati lake la kanisani, kisha akalivua akavaa la kazi, kisha akaona wenye kualika hupokea wageni wakiwa nadhifu, akalivaa tena lile la kwanza.

Saa mbili ilipita. Zebedayo alisema watu wa mjini huchelewa. Saa tatu akasema huenda wanakutana kwanza shuleni waje pamoja. Elizabeti alifunika sufuria, akafunua, akafunika. Ilipokaribia saa nne kengele ya baiskeli ikalia, na Zebedayo akainuka haraka mpaka mguu ukamkumbusha.

Alikuwa hedimasta, peke yake. Hakuteremka vizuri, aliweka mguu mmoja chini na mwingine akauacha kwenye pedeli, maana timu ya shule ilikuwa inacheza siku ile na alitakiwa uwanjani. Akatoa leso iliyofungwa fundo.

"Wazazi wamekukumbuka," alisema. "Si nyingi, lakini kila mtoto ameleta alichopewa."

Zebedayo aliipokea leso kabla hajajua ni nini, akasikia sarafu zikigongana. Fedha ile isingemlipa fundi hata kwa ukuta wa choo, lakini si hilo lililomwuma.

"Mwalimu, mimi niliita watu."

"Ndiyo, ndiyo. Watu wana shughuli zao, unajua mjini. Ndiyo maana wameona wachange." Mwalimu Fanueli aliona ndoo, akaliona debe la togwa, na nadhani kwa kitambo kidogo bibi yake alimjia akilini, kwa sababu alitazama chini. Kisha akatazama saa. "Mungu atasaidia, baba Lea."

Alipokwisha ondoka, Elizabeti alikaza kanga kiunoni, akaingia kwenye udongo, akaanza kukanyaga. Lea alimfuata. Zebedayo alikaa chini na shati lake la kanisani, akawa anapokea matonge na kuyakandika kwenye fito mahali mkono wake ulipofika. Baada ya muda Bi Mwatum naye akapita pengoni, akavua ndala, akaingia. Hakutaja Pangani. Wanawake wawili, mtoto, na mtu aliyekaa: ukuta ukapanda mpaka kimo cha goti, ukawa unateleza na kushuka upande mmoja wakati wanaujenga upande wa pili.

Eliudi alifika adhuhuri kutoka stesheni, kikapu cha viazi begani. Aliamkiwa na Lea, akaitikia. Akamwinua Noa, akaweka sikio kwenye mgongo wa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko walivyopenda. Kisha akaiona sufuria. Alifunua kifuniko, akaona wali wa watu ishirini haujaguswa, akarudisha kifuniko polepole. Kwa Mshambaa hakukuwa na haja ya maelezo.

"Uliita, shemeji?"

"Niliita."

"Wakakataa kuja?"

"Hawakukataa," Zebedayo alisema. "Hawakuja tu."

Eliudi akanawa, akaketi, akala. Aliwaita watoto wote wa majirani waje kula, kwa kuwa chakula cha ngemo hakimwagwi, na watoto wakala kwa furaha, wakashindana kunywa togwa. Ilionekana kama sherehe. Zebedayo alikaa kando, udongo ukimkaukia vidoleni, akiwatazama wanavyoshiba.

"Sikulaumu," Eliudi alisema walipomaliza. "Mguu hukuuvunja wewe. Lakini mtoto huyu kifua chake hakingoji. Wewe hapa huna watu, shemeji. Mimi kule ninao. Ukuta ukisimama, njoo uwachukue, hakuna atakayekuzuia."

Elizabeti alikuwa amesimama na udongo mpaka magotini. Alikuwa na kazi Raskazone ambayo isingemngoja, na mume, na nyumba aliyoilipia kwa mikono yake. Na alikuwa na mtoto anayekoroma. Alimtazama mumewe. Alitaka aseme hapana, japo asiwe na sababu, japo apige fimbo chini, ili naye apate neno la kushika mbele ya kaka yake. Zebedayo alijua anachongojewa. Alitafuta neno hilo, na kila alipolikaribia, Noa alikohoa.

"Baba," Lea alisema, "mwambie mjomba nina mtihani."

"Dawa ya Noa," Zebedayo alisema, "iko kwenye mkebe wa chai. Msiisahau."

Elizabeti akaenda kunawa miguu.

Waliondoka Jumapili kwa gari moshi. Zebedayo alishindwa kwenda stesheni, kwa kuwa njia ni ndefu. Aliwasindikiza mpaka kwenye bomba la maji. Wanaume wa pale siku hiyo hawakumwita jina lolote. Mmoja alimpisha akae.

Jumatatu jioni hedimasta alikuja tena, mara hii akateremka na kuegesha baiskeli. Kiti cha Lea darasani kilikuwa kitupu na alikwisha sikia. Alisimama kwenye lile pengo, juu ya kile kipande cha ukuta kilichokuwa kimeanza kupasuka kwa jua, akasema amesikitika, na alikuwa amesikitika kweli. Zebedayo alimrudishia leso yake, imefuliwa, na sarafu zote ndani. Mwalimu Fanueli alikataa, wakasukumiana kidogo, mwishowe ikabaki juu ya kinu.

Kisha akafungua furushi alilokuja nalo. Kilikuwa kitambaa cha amerikani, kirefu kutoka mlangoni mpaka kitandani.

"Mwezi huu tuna Siku ya Wazazi," alisema. "Bwana mkaguzi atakuja. Tunataka maneno makubwa langoni, Karibuni Wazazi Wetu, na maua pembeni, kama unavyojua mwenyewe. Nilikuwa naogopa kukusumbua, lakini angalau sasa una nafasi."

Zebedayo alikipapasa kitambaa. Kilikuwa kizuri, kizito, hakijawahi kufuliwa.

"Mwalimu, na ukuta?"

"Baada ya sherehe tutaona. Nitawatangazia tena." Alishika usukani wa baiskeli. "Na siku hiyo uje. Nitakuwekea kiti cha mbele kabisa."

"Nije kama nani?"

Hedimasta alicheka kidogo, akidhani ni utani. "Kama mzazi," alisema, akapanda, akaenda.

Zebedayo alibaki amekaa na kitambaa mapajani. Upepo uliingia kwa nyuma bila kuzuiwa na kitu. Kulipoanza kuwa na giza aliwasha moto, akabandika uji mwembamba wa muhogo, kwa sababu amerikani isipotiwa wanga rangi husambaa, na kwa sababu hakujua afanye nini kingine.